Boliti Nane za Shafti ya Mbele

Walimwita Meno, na si kwa sababu alikuwa nayo kamili. Mawili ya mbele yalimtoka zamani, siku spana ilipoteleza na kumrudia usoni. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa gia na difu, na meno aliyoyajua yeye yalikuwa ya chuma.

Shule aliiacha darasa la saba. Mjomba wake, fundi wa gia vilevile, akamchukua na kumfundisha kwa sheria moja tu: gia yoyote inayopita mkononi mwako, ihesabu meno kwa sauti kabla hujaifunga. "Jicho hudanganya," mjomba alikuwa akisema, "kidole hakijui uongo." Meno sasa alikuwa anaikaribia hamsini, mjomba alishatangulia mbele ya haki, lakini ukipita nje ya gereji yake asubuhi ungesikia sauti ndogo ikitoka chini ya gari: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Zaidi ya hapo hukusikia mengi. Alikuwa na haya. Mteja akianza maneno, Meno huingia chini ya gari na kujibu kutoka huko. Mafundi wenzake walikuwa na msemo wao: ukitaka kuongea na Meno, lala chali.

Gereji zilikuwa sita, tatu huku na tatu huku, na katikati njia ya vumbi lililokunywa oili mpaka likawa jeusi. Ya Meno ilikuwa ya mwisho kushoto. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, mlango wake ulizibwa na gari moja: pikapu kuukuu ya dizeli, ya magurudumu manne, mali ya mwanamke mfanyabiashara wa mbao aliyejulikana kwa kazi yake, Mama Mbao. Gari lenyewe walilibandika jina la Bibi, kwa umri wake na kwa kukohoa kwake asubuhi. Bibi alipanda mlimani kwa wapasua mbao na kushuka na mzigo, na kila alichokivunja huko juu Meno alikirudisha mahali pake. Alimjua kwa sauti. Angeweza kukaa ndani ananawa mikono na kusema, "Gia ya tatu hiyo inaingia kwa kusukumwa," na kweli.

Palikuwa na desturi pale gereji. Gari likifanyiwa kazi kubwa, fundi aliyeifanya hupanda safari ya kwanza. Kiti cha katikati, kati ya dereva na mwenye gari, wakakiita kiti cha fundi. Meno alishapanda mlima ule mara kumi na moja, magoti yamembana wenzo wa gia, hasemi kitu njia nzima. Hizo ndizo zilikuwa sikukuu zake.

Kisha akaja Pumzi.

Alipanga gereji iliyotazamana na ya Meno. Ovaroli yake ilikuwa safi hata saa kumi jioni, jambo ambalo Meno alilihesabu kuwa ushahidi wa uvivu, mpaka alipochungulia akagundua kwamba mwenzake anazo tatu na anazifua. Kazi yake ilikuwa kufunga turbo kwenye injini za zamani. "Dizeli isiyo na turbo," aliwaambia watu, "ni mtu anayekimbia amebanwa pua. Mimi namwachia tu pua yake." Watu walicheka. Meno hakucheka, lakini mfano ule ulimkaa kichwani wiki nzima, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba ulikuwa mfano mzuri.

Pumzi hakuwa na baya. Ndiyo taabu yenyewe. Alimwamkia kila mtu, alikumbuka mtoto wa nani ana homa, akiazima jeki yako huirudisha imefutwa. Angekuwa na majivuno, Meno angemchukia kwa raha. Ilibidi amchukie kwa shida.

Jumatatu moja Bibi alikuja amebadilika. Alikuwa amevaa tairi mpya, ndefu, pana, zenye makucha kama ya mnyama, hata mlango wake ukawa juu zaidi ya kawaida. Meno alitoka nje anapangusa mikono. Bibi akampita. Akakata kulia na kuingia kwa Pumzi.

Dereva wa Bibi alikuwa shemeji yake Meno, mdogo wa mke wake, mtu wa mizaha. Alishuka akaja mbio.

"Shemeji! Usininunie. Ni mama kaamua. Anasema mlimani tunatambaa mno."

"Sijanuna."

"Mbona unafuta mkono mmoja tangu nishuke?"

Meno akautazama mkono wake, akautia mfukoni.

Siku nne Bibi alilala upande wa pili wa njia. Meno aliweka kazi zake zote karibu na mlango. Alisema ni kwa ajili ya mwanga. Aliona kifuniko cha injini kikifunguliwa, bomba la moshi likikatwa, kile kikonokono cha chuma, turbo yenyewe, kikifungwa ubavuni, na kila Pumzi alipoingiza mkono ndani ya injini ile, Meno alihisi kama mtu anafungua kabati la nyumbani kwake. Siku ya tano Bibi akawashwa. Hakukohoa. Alitoka barabarani na mluzi mwembamba, fiiii, hana moshi, na gereji zote zikapiga makofi.

Nyumbani mke wake alimwekea chakula, akamtazama anavyokizungusha kwenye sahani.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna."

"Ni lile gari."

"Gari gani?"

"Haya. Mimi nimekaa na wewe miaka ishirini na sita. Nimekwenda harusini peke yangu, nimecheza na watu, nimerudi, hujawahi kuniuliza hata nimecheza na nani. Leo pikapu imeingia kwa mwanamume mwingine, mume wangu hali!"

Binti yao akacheka mpaka akapaliwa. Meno naye akajilazimisha kutabasamu.

Wiki mbili zikapita, na furaha ikamjia kutoka alikokuwa hakuitegemea. Bibi, pamoja na turbo yake, alishindwa. Tambarare alikwenda kama mshale, lakini penye mlima na mzigo alinguruma, akatoa moshi mweusi, akazima. Meno aliyasikia haya kwa shemeji, na usiku ule alikula sahani mbili.

Kesho yake Pumzi alivuka njia. Meno, kama kawaida yake, alikuwa chini ya gari. Pumzi hakuita. Alilala chali na ovaroli yake safi, akajisogeza mpaka wakawa bega kwa bega.

"Kaka, upepo ninao, lakini hauamki," alisema. "Turbo inataka injini izunguke kwa kasi ndiyo ipulize. Zile tairi ndefu zimemrefushia hatua, mzunguko mmoja anakwenda mbali mno, injini inalemewa kabla turbo haijaamka. Anataka gia fupi kwenye difu. Hiyo kazi siiwezi. Nimemwambia mama, anayeiweza ni mmoja."

Hakukuwa na neno la kukosoa. Hivyo ndivyo Meno mwenyewe angesema, kama angekuwa mtu wa kusema. Akajibu, "Nitaangalia."

Difu ni lile boksi la duara katikati ya ekseli. Ndani yake gia ndogo inaizungusha gia kubwa, na hesabu ya meno yao ndiyo inayoamua gari lipige hatua ndefu au fupi. Bibi alikuwa na meno tisa kwa thelathini na saba. Meno alizunguka kwenye maduka ya vyuma chakavu siku tatu, akapata manane kwa thelathini na tisa, hatua fupi, nguvu nyingi. Ila alipata seti moja. Na gari la magurudumu manne lina difu mbili, moja nyuma na moja mbele, nazo ni kama watu wawili waliofungwa mguu kwa mguu: wakipiga hatua sawa watafika, mmoja akifupisha, mmoja ataanguka. Mwenye duka aliahidi seti ya pili baada ya wiki mbili.

Mama Mbao hakuwa na wiki mbili. Alikuwa na injini mpya ya msumeno ya kupandisha kwa wapasuaji wake kabla mvua hazijakolea.

"Funga ya nyuma, fundi," alisema. "Ya mbele itafuata."

Inawezekana. Kwa muda huo unaifungua shafti ya mbele, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye difu ya mbele, unaiweka pembeni. Boliti nne huku, boliti nne huku. Gari litakwenda kwa magurudumu ya nyuma tu, na hata dereva akijisahau akavuta wenzo wa magurudumu manne, hakuna kitakachotokea. Lakini ukiiacha shafti mahali pake, na wenzo ukavutwa mlimani, na mzigo juu, difu mbili zitavutana mpaka kimoja kikatike. Kikikatika penye mteremko, Mungu ndiye anajua gari litasimamia wapi.

Meno alifunga difu ya nyuma kwa siku mbili, akaihesabu meno mara tatu. Jioni ya pili alibaki na boliti zile nane tu. Alikuwa chini, spana namba kumi na nne mkononi, aliposikia viatu vya Mama Mbao.

"Kesho alfajiri tunapanda," alisema Mama Mbao. "Nami nataka fundi wangu akae na mimi, aone kazi yake."

Meno alisimamisha spana.  Alishaanza kuwaza avae shati gani.

"Asante, mama," ikajibu sauti ya Pumzi. "Lakini na Meno je? Difu ni kazi kubwa."

"Kiti ni kimoja. Meno ameupanda mlima ule mpaka kauchoka. Tena yule, umpandishe au usimpandishe, utajuaje kama yumo?" Wakacheka, hata shemeji akacheka. "Hapana, wewe ndiye fundi niliyekuwa namtafuta miaka yote hii."

Viatu vikaondoka. Meno alibaki amelala, anaitazama boliti ya kwanza, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Kisha wazo likamjia, la polepole, lililonyooka, kama mtu mwingine analisema. Bibi akivunjika huko juu, nani atataja meno? Watasema ni turbo. Watasema gari la watu lilikuwa zima miaka kumi na tisa, akaja bwana mmoja na mluzi wake, akalijaza nguvu lisizoziweza. Hata Pumzi mwenyewe ataamini.

Hakufanya kitu. Ndivyo alivyojiambia baadaye, sikufanya kitu. Aliiweka spana kwenye boksi, akatoka, akanawa mikono.

Alfajiri shemeji alipitia nyumbani kunywa chai. Mke wa Meno alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akamkaripia kwa kutovaa sweta.

"Dada, ndani ya gari kuna joto! Tumebanana watatu." Akamgeukia Meno. "Shemeji, leo nikifika pale kwenye kijito, pale panapoanza tope, natia magurudumu manne, halafu namwachia Bibi ajimwage. Nitakusimulia."

"Nenda taratibu," Meno alisema.

"Taratibu ilikuwa zamani!"

Mke wake alisimama mlangoni mpaka ndugu yake alipopinda kona.  Meno hakuweza kumtazama. Alikunywa chai yake inamwunguza na kwenda kazini.

Gereji alishika giaboksi ya mtu na kuanza kuhesabu. Ishirini na tatu. Akarudia: ishirini na nne. Akarudia tena, ishirini na mbili. Tangu mjomba wake amwachie spana, kidole chake hakijawahi kumwambia mambo matatu juu ya gia moja. Akainua macho. Kule mlimani wingu lilikuwa limekaa kama kofia.

Alichukua spana ya kumi na nne na kipande cha kamba, akatoka barabarani, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Mwendeshaji, mtu mzima mwenye kikohozi, alimwuliza anakwenda wapi. Meno akanyoosha kidole kwenye wingu.

Bibi alikuwa angali upande huu wa kijito. Kilichomwokoa ni uzee wake: kwa magari ya kizamani kama yeye, dereva hawezi kuvuta wenzo kabla hajashuka kuzungusha vifungo viwili kwenye magurudumu ya mbele. Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la kulia, kifungo cha kwanza kimeshaingia. Nyuma, chini ya turubai, ile injini ya msumeno ilikuwa imewakalisha Bibi na tairi zake. Na kwenye kiti cha katikati, Meno alimwona kabla hajashuka kwenye pikipiki, Pumzi, magoti yamembana wenzo wa gia.

Hata pale. Hata na tope lile mbele yao. Wivu ulimchoma ubavuni kama mwiba, akasimama kidogo upite.

"Shemeji!" dereva akaita. "Umetufuata mpaka huku? Si ungesema unakuja, tungekuweka juu ya mzigo!"

"Fungua hicho kifungo. Usivute wenzo."

 Aliingia chini ya gari. Tope lilimwingia mgongoni, baridi. Boliti ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali. Akasikia mtu anajisogeza upande wa pili, na hapo bega kwa bega akatokea Pumzi. Akaishika shafti isije ikamwangukia Meno kifuani. Aliitazama ile shafti, akatazama difu ya mbele, akatazama spana. Fundi hahitaji kuambiwa. Meno aliona anavyoelewa, polepole, mpaka mwisho. 

Boliti ya nane ilipotoka waliivuta shafti pamoja, Meno akatoka nayo imemlalia mikononi kama mtoto mchafu. Mama Mbao alikuwa amesimama kwenye tope na viatu vyake vizuri.

"Ni nini hiki?"

"Hii ilitakiwa itoke jana," Meno alisema. "Mngevuta wenzo, difu zingevunjana."

"Tuko na mzigo huu, kwenye mlima ule?" Akamtazama shemeji, akatazama mlima, akamgeukia Meno. "Ulisahau?"

Pumzi alikuwa anafuta tope usoni. "Fundi yeyote husahau, mama," alisema kwa upole. "Mimi juzi nilisahau kifuniko cha oili. Cha maana amekumbuka."

Njia ya kujinasua ilikuwa imefunguliwa. Pana, kavu, imefagiliwa, na aliyeifagia ni yule yule Pumzi. Meno aliona siku zake zote zitakazofuata: kila asubuhi kumwona mtu huyu ng'ambo ya njia, na ovaroli yake safi, akiwa na siri ya Meno mfukoni na haitoi. Meno alishampa gari. Alishampa kiti. Sasa apokee na msamaha kutoka kwake!

"Sikusahau," alisema.

Pumzi akaacha kufuta uso.

"Unasemaje, fundi?" Mama Mbao aliuliza.

"Sikusahau, mama. Nilikuwa na spana mkononi. Nilisikia mnaongea kuhusu kiti, nikaiweka chini. Nilitaka turbo isingiziwe." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumpa mwanamke yule, tena amesimama wima.

Shemeji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuna mzaha uliotoka. "Mimi ndiye ninayeendesha, shemeji," alisema. "Mimi."

"Najua."

"Dada amenifungia viazi."

"Najua."

Mama Mbao aliutazama mlima tena. Kisha akamgeukia Pumzi. "Atapanda kwa magurudumu mawili?"

Pumzi alimtazama Meno, si yeye. "Meno ya nyuma umehesabu?"

"Mara tatu."

"Basi atapanda."

"Twendeni," alisema Mama Mbao. Mguu mmoja ukiwa juu ya kidato, akageuka. "Seti ya mbele ikija, ataifunga mtu mwingine. Wewe usimguse Bibi mpaka nitakapokuita mwenyewe. Na sijui kama nitakuita." Akapanda. Pumzi akarudi kwenye kiti cha fundi, akainamisha kichwa.

Meno alibaki na shafti yake na yule mtu wa pikipiki. Bibi alivuka kijito, akalipanda tope. Tairi zilikwangua, zikateleza, zikashika. Injini ikapanda sauti, ikapanda tena, na pale ambapo wiki iliyopita alizima, turbo ikaamka. Fiiii. Alipinda kona ya kwanza anang'ang'ana. Kona ya pili hakuonekana, alisikika tu.

Meno alitega sikio. Sehemu yake moja ilikuwa inasubiri azime. Aliijua sehemu hiyo, akaiacha isubiri. Hakuzima.

"Gari zee lina nguvu lile!" alisema mwendeshaji, akakohoa. "Wamelitia turbo, eh?"

"Turbo peke yake haipandi pale," Meno alisema kwa ukali. "Ni difu. Manane kwa thelathini na tisa."

Mtu yule alimtazama, katapakaa tope kisogoni mpaka visiginoni, kakumbatia chuma. "Haya, mzee. Hicho tunakifungaje kwenye pikipiki?"

Wakakifunga kwa ile kamba, ubavuni. Meno alipanda nyuma, lakini alimshika mwenzake bega asiwashe kwanza, mpaka mluzi ule ulipofika juu kabisa na kunyamaza kama gari linavyonyamaza likifika.